Wafiwa Watatu wa Sahani za Rumi

Hapo zamani, katika mji wa Tandazi, alikuwako mjane mmoja jina lake Somoe binti Vuai. Hakuwa na kitu duniani ila kibanda cha udongo, na hata kiwanja kilichobeba kibanda hicho hakikuwa chake. Kilikuwa cha tajiri Msellem, mwenye nusu ya mji. Basi ikawa siku moja, baada ya mvua kubomoa choo chake, Somoe akashika jembe akaenda nyuma ya nyumba kuchimba shimo jipya. Jembe likagonga kitu, kitu kikalia.

Akadhani ni sufuria ya watu wa kale. Akachimbua, ikatoka sahani pana kama ungo, nyeusi tii. Chini yake ikatoka nyingine, na birika, na majagi, na ndoo ndogo yenye mpini uliosukwa. Na ubavuni mwa vyombo vile palikuwa na mifupa ya mtu, amelala kwa ubavu, mkono mmoja umelalia birika. Somoe akatupa jembe, akamwita jirani yake Mize kwa sauti iliyofika sokoni.

Huyu Mize ndiye aliyejulikana mji mzima kwa jina la Mize Mwehu. Hakuwa na shamba wala mume wala duka. Kazi yake ilikuwa kwenda matangani. Pakifa mtu popote pale Tandazi, Mize alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, naye alilia kwa sauti iliyowatoa machozi hata wale waliomchukia marehemu, kisha akala wali mpaka akainuka kwa kushika ukuta. Tena alikuwa na tabia moja: akiambiwa neno, alilifuata vile vile lilivyosemwa. Bibi mmoja alimwambia akae na chungu mpaka kichemke. Kikachemka, Mize akaenda zake, maharagwe yakawa mkaa. Aliposutwa akasema, "Mbona kilichemka?"

Basi Mize akafika, akachuchumaa kando ya shimo, akaisugua ile sahani kwa majivu na ndimu. Weusi ukatoka, pakang'aa. Pakaonekana watu wanawinda nguruwe na mbwa, na kandokando herufi zisizosomeka na mtu wa Tandazi.

"Shoga, hii ni fedha," akasema Mize. "Kazi ya Rumi. Nimewahi kuona kikombe cha namna hii kwa mgeni Silivano, alipofiwa na mpishi wake."

"Na huyu?"

"Huyu ni mtu."

"Naona kuwa ni mtu, Mize! Nauliza ni nani."

"Mwulize mwenyewe, lakini usitazamie jibu upesi."

Somoe akavua upande wa shuka yake, akamfunika yule mtu. Kisha akafanya jambo ambalo wengi wetu tusingelifanya: akaenda kwa mpiga mbiu, akamwomba atangaze kwamba vimepatikana vyombo vya fedha, mwenyewe ajitokeze. Kwani sheria ya Tandazi ilikuwa hivi: kitu kikiokotwa kikakosa mwenyewe, ni cha aliyekiokota. Somoe alitaka kikose mwenyewe mbele ya watu wote, ili alale usingizi.

Hakulala. Kabla mbiu haijamaliza mitaa, akafika tajiri Msellem na watumishi wake, pumzi juu juu.

"Mama Somoe, umefanya vyema kunichimbulia. Vyombo hivi vilizikwa na babu wa babu yangu. Alikuwa mtu wa siri sana."

"Bwana Msellem, babu yako alikuwa na sahani za fedha, na wewe waniletea ugomvi kwa kuku mmoja aliyeingia bandani mwako?"

"Ndiyo siri yenyewe hiyo," akasema Msellem.

Mara akafika mgeni Silivano, mwuza vioo, mtu wa Rumi kwa kuzaliwa, aliyekaa Tandazi hata akajifunza kugombana kwa lugha yetu. Akaiinua sahani, akaibusu, akatokwa na machozi. "Tazameni herufi hizi! Hizi ni herufi za kwetu. Huyu alikuwa mzee wangu, alisafiri akapotea, na mama zetu mpaka leo wanamwimba."

"Wamwimba vipi?" akauliza Mize.

"Kwa huzuni," akasema Silivano.

Wakashikana, huyu avuta birika, yule avuta mpini wa ndoo. Kelele zikafika ikulu, na Sultani Badrudini akatuma askari kuleta vyombo vyote "vihifadhiwe mpaka haki ipatikane." Vikahifadhiwa mezani pake. Siku hiyo hiyo aliliwa kuku wa kupaka katika ile sahani ya wawindaji, na Sultani alipofikia chini akawaona wale mbwa, akavipenda vyombo mapenzi makubwa. Kulipokucha naye akakumbuka kwamba babu yake mkuu alipewa zawadi na Kaisari wa Rumi, akapotea nazo njiani.

Ikawa sasa wako watatu, na kila mmoja ana babu. Fedha ilipata jamaa wa kujaza baraza. Ile mifupa, iliyobaki chini ya shuka ya Somoe, haikuulizwa hali na mtu.

Siku ya baraza watu wakajaa. Sultani akaketi kitini, yeye ndiye mdai na yeye ndiye mwamuzi, na hakuna aliyeona aibu kwa jambo hilo ila Kadhi, ambaye alikuwa na neno la kusema juu ya kumrithi mtu wa mbali kiasi kile. Lakini Sultani alimtazama, Kadhi akakohoa, neno likarudi tumboni.

Sultani akasema, "Enyi watu wa Tandazi, imedhihiri kwamba mali hii ina wenyewe. Sisi watatu tutajuana. Lakini mali ikiwa na mwenyewe, aliyeichukua bila idhini yake ni nani?"

Waziri akajibu haraka, "Ni mwizi, Maulana."

"Na mwizi hufanywaje?"

"Huvunjiwa nyumba yake, akatolewa nje ya mji."

Somoe akaanguka magoti. "Maulana, mimi nilichimba choo! Na ni mimi niliyepiga mbiu! Mwizi gani anayetangaza?"

Mtu mwenye haya angejibiwa na swali hilo akanyamaza. Sultani hakunyamaza, kwa kuwa alijua maadamu Somoe yumo mjini, yumo aliyeokota, na sheria inamjua. Akasema, "Basi tusionekane wakali. Ikiwa hukuiba, mlete mwenye fedha hapa barazani, siku ya Ijumaa, aseme kuwa hana dai juu yako. Usipomleta, nyumba yako itavunjwa."

Watu wakaguna, maana ataletwaje mtu aliyekufa enzi ambazo hata hadithi zimezisahau? Mize akainua mkono kutoka nyuma.

"Maulana, niulize?"

"Uliza, mwehu wetu," akasema Sultani, na watu wakacheka.

"Aletwe mwenye fedha mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na kama hawezi kutembea?"

"Na abebwe!"

"Na akishafika asiseme neno?"

"Akinyamaza, kunyamaza kwake ni kukiri kuwa hana dai juu ya Somoe. Nimekwisha sema. Utamleta wewe?"

"Mimi si ndiyo kazi yangu," akasema Mize, akatoka.

Njiani Somoe alikuwa akilia na kugombana kwa pamoja. "Wewe Mize, nani kakutuma? Sasa nitafukuzwa na kuchekwa!"

"Shoga, una shuka nyeupe?"

"Ya nini? Nilikuwa nayo moja, nimemfunika yule!"

"Basi kilichobaki ni jeneza. Nalo ni la msikitini, halikodishwi."

Ikawa Ijumaa, baraza limejaa kuliko siku ile, mara kikasikika kilio kutoka upande wa soko. Kilikuwa kilio cha Mize, kilio kile kile ambacho mji unakijua, na nyuma yake wanawake wanaitikia, na wanaume wamebeba jeneza, wanapokezana kila hatua kama ilivyo ada. Askari walipoona jeneza wakapisha na kuvua viatu, kwa kuwa maiti hazuiliwi mlango. Likaja, likatuliwa mbele ya kiti.

"Maulana," akasema Mize, akipangusa macho, "mwenye fedha ndiye huyu. Alikutwa nayo, ameilalia, mkono juu ya birika. Hawezi kutembea, amebebwa kama ulivyoagiza. Mwulize kama ana dai juu ya Somoe."

Sultani akalitazama jeneza, jeneza likakaa.

"Amenyamaza," akasema Kadhi kwa sauti ya mtu aliyengoja nafasi. "Na neno la Maulana lilikwisha tolewa mbele ya watu."

"Haya, Somoe si mwizi," akasema Sultani kwa uchungu. "Nendeni. Fedha inabaki kwa jamaa zake."

"Ndilo nililojia hasa," akasema Mize. "Jamaa zake ni nani?"

Wale watatu wakatazamana. Kukana ni kuiacha fedha. Msellem akasema, "Mimi." Silivano akasema, "Mimi." Sultani akasema, "Sisi."

"Loo, poleni!" akalia Mize, akamkumbatia Silivano aliyekuwa karibu. "Poleni wafiwa! Enyi watu, mnasimama nini? Kuna msiba ikulu! Leteni majamvi!"

Na hapa lazima nieleze desturi ya Tandazi. Mfiwa hakai kitini, hukaa chini. Hulala jamvini, hanyoi ndevu ila hunyolewa kichwa, hapaki mafuta wala hachomi udi. Kila anayekuja kuhani, awe nani, analishwa na mfiwa mpaka ashibe. Tanga hilo halianuliwi mpaka maiti azikwe. Na maiti hazikwi mpaka jamaa wataje jina lake na ukoo wake kwa kauli moja, kwa kuwa kila ukoo una makaburi yake. Desturi hii haikumsamehe mtu. Baba yake Sultani alipokufa, Sultani huyu huyu alilala jamvini.

Basi akaja kinyozi. Msellem, aliyejivunia nywele zake kuliko mashamba yake, akafunga macho. Silivano akauliza kama kwa mgeni yatosha kupunguza. Akaambiwa wageni ni sisi tuliokuja kuhani, yeye ni mfiwa. Wakakalishwa jamvini, vichwa vitatu vinang'aa mstari mmoja, na mji mzima ukaja kutoa pole.

"Alikuwa mtu mwema?" wakauliza.

"Sana," akasema Sultani.

"Mkarimu?"

"Mno," akasema Msellem, na pale pale wakamwomba mbuzi.

Masufuria yakabandikwa uani. Mize akasimamia kilio na chakula, akitoka huku akiingia huku. Watu wa Tandazi walikula kama walioahidiwa njaa ya mwaka. Wakapelekewa habari hata watu wa mashambani, nao wakaja na watoto, wakalia kidogo mlangoni, wakaketi.

Siku ya kuzika ikafika, Kadhi akauliza, "Jina la marehemu?"

"Mwinyi Shomari bin Msellem," akasema tajiri.

"Markusi," akasema Silivano.

"Sultani Idarusi wa Kwanza!" akasema Sultani.

Kadhi akakunja msala wake. "Hamjapatana. Tanga linaendelea."

"Wali!" akapiga kelele Mize, na masufuria yakabandikwa tena.

Wakapatanishwa, hawakupatana, kwani atakayekubali jina la mwenziwe amekubali na babu wa mwenziwe, na sahani zimekwenda. Wakanuniana jamvini bega kwa bega. Na jeneza halikuwa na haraka. Maiti wengine hulazimisha mambo kwa harufu. Huyu alikuwa mkavu, mstaarabu, angeweza kungoja mavuno.

Mbuzi wa Msellem wakaisha, wakaingia ng'ombe. Siku ng'ombe wake wa maziwa alipofunguliwa kamba, tajiri akaruka kutoka jamvini.

"Simjui mtu huyu!" akasema. "Haki ya Mungu, simjui! Babu wa babu yangu alifia kitandani, mbele ya watu, na alikuwa fukara! Nirudishieni ng'ombe wangu!"

"Maneno haya mazito, baba," akasema Mize. "Wamkana marehemu?"

"Namkana! Hata sura hatufanani!"

Akatoka, akarudi kumchukua ng'ombe, akatoka tena.

Silivano alivumilia zaidi, lakini mgongo wake haukulizoea jamvi, na katika duka lake vioo vilikuwa vimejaa vumbi. Akamvuta Mize kando.

"Dada, ukinipa ndoo tu, ile ndogo, mimi naondoka, sina neno."

"Kaka yangu, kwenu mtu hutoka tangani na ndoo?"

"Hapana."

"Basi huyu ni mzee wako au si mzee wako?"

Silivano akaenda, akafunua shuka, akatazama kwa muda mrefu, kisha akafunika vizuri. "Meno yake si ya kwetu," akasema. "Sisi tuna nafasi hapa mbele." Akaomba radhi kwa marehemu kwa lugha ya Rumi, akaenda zake. Naye katika watatu hao ndiye pekee aliyewahi kuifunua ile shuka.

Akabaki Sultani. Akasimama, akajinyoosha, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jeneza liingie. "Ehe, Mize! Ulidhani tutachoka? Sasa mimi ni jamaa peke yangu. Hakuna wa kubishana nami. Jina lake ni Sultani Idarusi wa Kwanza, babu yangu, na azikwe sasa hivi, tanga lianuliwe, na vyombo vyake ni vyangu!"

Watu wakainamisha vichwa. Somoe akamtazama Mize, na Mize akapiga kigelegele.

"Tumepata jina! Mwiteni mpiga mbiu!"

"Mpiga mbiu wa nini?" akauliza Sultani.

"Kwani mfalme huzikwa kimya, Maulana? Mbiu lazima, mji huu na miji ya jirani. Utangazwe ukoo wake, alipofia, aliyemkuta, na jinsi jamaa zake walivyomtunza. Ndivyo alivyotangazwa marehemu baba yako."

Mpiga mbiu akaja na pembe yake, mtu wa sauti nene, hajui kunong'ona. Akasimama juu ya ngazi za ikulu. "Nisemeje, Bi Mize?"

"Sema: Amezikwa leo Sultani Idarusi wa Kwanza, babu wa wafalme wetu wote."

"Amezikwa leo Sultani Idarusi wa Kwanza, babu wa wafalme wetu wote!"

"Amekutwa katika shimo la choo cha Bi Somoe."

"Amekutwa katika shimo la..."

"Ngoja!" akasema Sultani. "Ngoja kwanza. Hilo la choo lazima litajwe?"

"Ndipo alipokutwa, Maulana. Mimi siwezi kulihamisha shimo." Akamgeukia mpiga mbiu. "Endelea: Alilala humo tangu siku aliyokufa, na katika wajukuu zake wote waliokaa katika kiti hiki, hakuna hata mmoja aliyeuliza babu yuko wapi. Zilipoonekana sahani zake, wakamkumbuka siku ile ile. Sahani wakazipeleka ikulu, babu wakamwacha chooni."

Mpiga mbiu akavuta pumzi. Sultani akamshika mkono ulioshika pembe. Akatazama uwanjani. Hakuna aliyecheka. Waliuma midomo, wameshika vifua, mama mmoja amejifunika uso kwa kawa la kufunikia wali, mabega yanamtikisika. Sultani akaona kwamba mbiu hii ikifika miji ya jirani, hakuna mfalme atakayempokea tena bila kuuliza habari za babu. Na watoto wa Tandazi watakuwa na jina la kuuita ukoo wake mpaka mwisho wa dunia. Akajipapasa kichwa chenye kipara. Akalitazama jeneza. Na ghafula kicheko kikamtoka, kikamshinda, akakaa chini ngazini bila kuombwa.

"Simjui mtu huyu!" akasema, machozi yanamtoka. "Enyi watu, mashahidi ninyi, simjui, hanijui, hatujawahi kuonana! Kadhi, sema neno lako, najua limekukaa tumboni tangu siku ya kwanza."

Kadhi akasimama upesi. "Mali imetangazwa, wamejitokeza watatu, wote watatu wamemkana mwenye mali mbele ya watu. Mali haina mwenyewe. Kwa sheria ya Tandazi, ni ya aliyeiokota. Ni ya Somoe binti Vuai, na mwenye kiwanja hawezi kuidai kwa sababu ya kiwanja chake."

Vigelegele vikapigwa. Vyombo vikaletwa kutoka mezani, na katika sahani moja bado mna mifupa ya kuku. Lakini Somoe hakuvishika kwanza. Akaenda kwenye jeneza.

"Na huyu nipeni," akasema. "Si jamaa yangu, nisije nikatangaziwa mbiu mimi. Ila alilala kwangu. Ni mgeni wangu. Nitauza jagi moja nimnunulie sanda na mahali pa kulala."

Sultani akamwita Mize. "Ewe mwanamke, umenilia ghala zima na umeninyoa kichwa. Omba zawadi."

"Naomba watu wasiniite tena mwehu."

"Hiyo ni amri ambayo hata mimi hawatanitii. Omba nyingine."

"Basi nipe mbuzi, kama wamebaki."

"Wamebaki kwa Msellem tu," akasema Sultani. "Nitakununulia kwake, nione uso wake akiniuzia."

Jioni ile, kabla jua halijatua, yule mwenye fedha akazikwa pembezoni mwa makaburi ya mji, bila jina, kwa kuwa hakuwa na jamaa wa kulitaja. Sultani akaja kwa miguu, peke yake, akashika jembe akatupa udongo kama jirani yeyote, na watu wakampisha wala wasimsifu. Udongo ulipojaa, kila mmoja akaanza kukung'uta mikono. Hapo Mize akaanza kulia. Hakulia kwa ile sauti ya matangani. Alilia taratibu, kama mtu aliyeko chumbani kwake.

Sultani akageuka. "Mize, tanga limekwisha, wali umekwisha. Unalilia nini tena?"

"Namlilia huyu, Maulana," akasema Mize. "Zile siku zote tulikuwa tunazililia sahani."